Kwaya ya Mtu Mmoja

Kanda ile aliileta shangazi yangu, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, na haikuwa na jalada. Alikuwa amerekodi nyimbo kutoka redioni, moja baada ya nyingine, na kuna mahali mtangazaji anadakia kabla wimbo haujaisha. Mmoja ulikuwa wa Tracey Ullman, mchekeshaji wa Kiingereza aliyejaribu bahati yake kwenye uimbaji mwaka 1983. Unaitwa “They Don't Know”. Ni wimbo wa mapenzi, mwepesi, wa kutikisia mguu. Lakini katikati, gitaa likishamaliza zamu yake, ala zinakatika ghafla kwa pumzi moja hivi, na sauti ya kike inarusha neno moja la kubembeleza juu kabisa, kisha muziki unarudi kama vile hakuna lililotokea. Tulikuwa tunairudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, tulisikie lile neno tena.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba aliyelirusha si Tracey Ullman. Noti ile ilikuwa juu mno kwake. Sauti ni ya mtunzi wa wimbo wenyewe, Kirsty MacColl, ambaye pia anasikika nyuma ya Ullman kwenye viitikio vyote. Wimbo ulifika namba 2 Uingereza, na mwaka uliofuata namba 8 Marekani. Paul McCartney mwenyewe anaonekana kidogo kwenye video yake. Na mahali ambapo wimbo unasimamisha moyo, jina lililo juu ya jalada si la mwenye sauti.

Mimi nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu Tanga kwa miaka sita, kwa hiyo huenda nina upendeleo. Sauti ya pili haipewi mistari ya kukumbukwa. Waumini wakitoka kanisani wanakwenda wakivumisha ya kwanza, hata besi huvumishwa na wanaume wakitaka utani, lakini sijawahi kumsikia mtu anaanika nguo huku akiimba alto. Kazi yake ni kama bitana ya koti: koti linakaa vizuri mabegani na hakuna anayeuliza kwa nini. Tulikuwa tunaonekana siku tuliyokosea. Ndipo safu nzima ya mbele ilipogeuza shingo.

Kirsty MacColl aliishi ndani ya bitana. Alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 10 Oktoba 1959. Baba yake alikuwa Ewan MacColl, mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za asili za Uingereza, mtu aliyeutazama muziki wa pop kwa jicho la shaka. Lakini baba alikuwa na nyumba nyingine, na Kirsty alilelewa na mama yake, Jean Newlove, mwalimu wa ngoma, pamoja na kaka yake Hamish. Alikuwa mtoto wa pumu. Kwenye santuri za kaka yake alikutana na Beach Boys, vijana wa California ambao Brian Wilson aliwapangia sauti kama mtu anayesuka mkeka: hii inapita juu, ile chini, nyingine inajificha na kutokea mbele. Binti wa mwanaharakati wa nyimbo za wachimba mkaa akaamua kwamba anachotaka maishani ni kile.

Tofauti ni kwamba Beach Boys walikuwa kundi. Yeye alikuwa mmoja.

Kanda za studio za miaka ile zilikuwa pana, na kwenye kanda moja mlikuwa na njia 24 zinazokwenda sambamba, kila moja ikibeba sauti yake bila kuigusa jirani. Mwimbaji anaingia chumbani, anavaa hedfoni, anaimba kiitikio kwenye njia ya kwanza. Kanda inarudishwa. Sasa anajisikiliza na kuimba tena vile vile kwenye njia ya pili, juu ya sauti yake mwenyewe. Halafu sauti ya juu, mara mbili au tatu. Halafu ya chini. Njia zikianza kuisha, fundi anazichanganya sita kuwa moja, nafasi inapatikana, kazi inaendelea. Mwisho wa siku mtu mmoja amekuwa watu kumi na wawili.

Ukiisimulia hivyo inaonekana ni kazi ya mashine. Jaribu mwenyewe, hata kwa simu yako. Utagundua kwamba huwezi kuimba mstari mmoja mara mbili kwa namna moja. Mara ya kwanza umeanza neno mapema kidogo, mara ya pili umelivuta, mara ya tatu pumzi imekata kabla ya mwisho. Tofauti ndogo ndogo za noti ni njema, ndizo zinazonenepesha sauti. Tofauti za wakati ndizo zinazoharibu. Na adui mkubwa zaidi ni konsonanti. Kiingereza kimejaa maneno yanayoishia kwa “s” na “t”, na waimbaji sita wakilifunga neno la namna hiyo kila mmoja kwa wakati wake, unasikia kitu kama matone ya maji yameangukia mafuta ya moto. Mkongwe wa kazi hii anajua sauti ipi itamke mwisho wa neno na zipi zimeze.

Sikiliza sauti za Kirsty zinavyofunga neno. Zinafunga kama mlango mmoja.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Hatetemeshi sauti. Sisi tuliokulia pwani tumelishwa madoido: mwimbaji wa taarab akishika neno, analizungusha, analipandisha, analishusha, hadi tuzo zinaanza kumiminika. Mtu mwenye sikio hilo akimsikia Kirsty MacColl kwa mara ya kwanza anaweza kusema, mbona anaimba kama anasoma barua? Noti yake ni nyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Anaifikia, anakaa, anaondoka. Basi chukua sauti inayotetemeka uirundike mara kumi: kila mtetemo unagombana na mwenzake na unapata uji. Sauti nyoofu ukiirundika mara kumi inakuwa nene, inang'aa, na bado unasikia kila herufi. Nadhani unyoofu ule, ambao wengine waliuita ubaridi, ulikuwa ni fundisho la kazi. Alijizoeza kuwa tofali lenye kingo safi kwa sababu alijua ni yeye atakayejenga ukuta.

Na unyoofu huo alihama nao alipokuja mbele kuimba peke yake.

Njoo kwenye wimbo ambao umemfunika hadi leo. Mwaka 1987 kundi la The Pogues, nusu Waayalandi nusu Walondon, lilikuwa na wimbo wa Krismasi ambao halikujua kuumaliza. Shane MacGowan, mwimbaji wa kundi, na mwenzake Jem Finer walikuwa wameuhangaikia tangu mwaka 1985. Ulihitaji mwanamume na mwanamke wanaotukanana, wapenzi wawili waliokwenda New York na ndoto zao, zikaoza. Mwanamke alipaswa kuwa Cait O'Riordan, mpiga besi wa kundi, lakini alishaondoka mwaka 1986. Prodyuza wao, Steve Lillywhite, alikuwa mume wa Kirsty. Akasema: niacheni niende na kanda nyumbani, mke wangu aimbe sehemu ya mwanamke, angalau mpate sauti ya kuwaelekeza mkimtafuta mwimbaji mwenyewe. Alikuwa na studio ndogo nyumbani. Waliifanyia kazi mwisho wa juma, mstari kwa mstari. Jumatatu kundi liliposikiliza, hapakuwa na wa kutafutwa tena. Inasemekana MacGowan alirudia kuimba sehemu zake, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa zimezidiwa.

Ina maana kwamba ugomvi ule maarufu, mwanamke na mwanamume wakirushiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, uliimbwa na watu wawili wasiokuwa chumba kimoja wala siku moja. Kwa Kirsty hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Miaka yote alikuwa akiimba na sauti iliyokwisha kurekodiwa, akiisubiri imalize, akijua inapumua wapi ili aingie. Tofauti ni kwamba safari hii sauti iliyokuwa kwenye hedfoni ni ya mlevi.

Angalia anachofanya. MacGowan anaburuta maneno, anayamwaga kama bia. Mwimbaji mwingine angejibu kwa kilio au kwa makelele, maana mistari yenyewe inakualika. Yeye anaingia na diksheni ya mwalimu wa darasa la pili. Kila tusi linatamkwa kamili, kila silabi imekaa kwenye pigo lake, na ndiyo maana linauma: mwanamke huyu hajalewa kama mwenzake, anakumbuka kila kitu. Kisha wakifika kwenye kiitikio, kile kinachotaja kengele na askari polisi waimbaji wa New York, sauti mbili zinakwenda pamoja na yeye anamshika MacGowan asianguke. Hata katikati ya ugomvi, ni sauti ya pili.

Wimbo ulifika namba 2. Namba 1 Krismasi hiyo ilikuwa ya Pet Shop Boys. Tangu mwaka 2005 “Fairytale of New York” hurudi kwenye chati za Uingereza kila Desemba, na kila Desemba mamilioni ya walevi huimba sehemu yake kwenye baa, vibaya.

Kabla ya hapo bahati yake ilikuwa ya kichekesho. Alipotoa “They Don't Know” mara ya kwanza mwaka 1979, kwa kampuni ya Stiff, alikuwa na miaka 19. Redio ziliupiga karibu kuliko wimbo mwingine wowote nchini, lakini wasambazaji walikuwa kwenye mgomo na santuri hazikufika madukani. Watu walikwenda kuuliza, hakuna, wakanunua kingine. Mwaka 1981 alipata namba 14 kwa wimbo wenye jina refu kuliko treni ya mizigo, kuhusu jamaa wa duka la chipsi anayeapa kwamba yeye ni Elvis. Umekaa kwenye mahadhi ya kikantri ya kuchezea, na watu wakauchukua kama mzaha. Mzaha upo, lakini tazama ulivyojengwa. Wimbo hauhusu duka la chipsi. Unahusu mpenzi mwongo. Mwanamke anasema, kwa ufupi: kuna mtu pale dukani anadai ni Elvis, na huyo ni mwongo, na wewe nawe sina hakika. Amemleta Elvis na mkaanga chipsi ili kupima kiasi cha uongo wa mwanamume mmoja. Waandishi wa mashairi ya mafumbo wa Mombasa na Lamu wangemwelewa mara moja: unasema la muwa, mlengwa anasikia la ulimi wake.

Wimbo huo pia ulimletea madhara. Alipewa sifa ya mcheshi, na mcheshi akiimba jambo zito watu hubaki wakisubiri kichekesho.

Mwaka 1985 uliingia na “A New England” ukipanda hadi namba 7. Billy Bragg, mtunzi wake, alikuwa ameuimba peke yake na gitaa moja la umeme, mkavu, mfupi, dakika mbili na kidogo. Kirsty aliona umeisha kabla haujakolea, Bragg akamwandikia ubeti wa ziada. Kisha Kirsty akaujaza kwa kwaya yake ya mtu mmoja. Ukizisikiliza nakala mbili moja baada ya nyingine utapata somo zima la upangaji wa sauti bila mwalimu: ya Bragg ni kijana amesimama kituo cha basi usiku, ya Kirsty ni kijana yule yule na mji mzima umewashwa taa nyuma yake. Ukiacha ule ubeti wa ziada, maneno hayakubadilika sana, ila jinsia ya msimulizi. Bragg aliendelea kuuimba ule ubeti wa ziada jukwaani kwa heshima yake.

Ungedhani baada ya namba 7 njia imefunguka. Stiff ikafilisika, mkataba wake ukabaki ukining'inia mikononi mwa wengine, na kwa miaka kadhaa hakuweza kutoa albamu yake mwenyewe. Akafanya alichokijua. Aliimba nyuma ya The Smiths kwenye “Ask”, nyuma ya Rolling Stones, nyuma ya Talking Heads, baadaye nyuma ya Happy Mondays. Ukiwa na santuri za Kiingereza za nusu ya pili ya miaka ya themanini nyumbani kwako, kuna uwezekano mkubwa unayo sauti ya Kirsty MacColl na hujui. Na kuna albamu moja ambayo mkono wake umo bila hata kuimba. Mwaka 1987 U2 walikuwa wamemaliza “The Joshua Tree” na hawakubaliani nyimbo zipangwe vipi. Wakamwomba yeye. Walimpa masharti mawili tu, wimbo wa kufungua na wa kufunga. Katikati akapanga alivyopenda mwenyewe, anaoupenda zaidi kwanza. Albamu ile iliuza mamilioni duniani kwa mpangilio huo. Hiyo nayo ni kazi ya bitana.

Jukwaani hakuwa mtu wa kujiamini. Ziara moja mbaya ya mapema ilimwachia woga ambao ulimfungia ndani miaka mingi, na The Pogues ndio waliomtoa, walipomchukua safarini. Nampenda zaidi kwa hilo. Mtu anaogopa kusimama mbele peke yake, lakini mpe nafasi pembeni, anakwenda.

Mwaka 1989 hatimaye ikaja “Kite”, na kama una saa moja tu ya kumpa, ipe albamu hii. Johnny Marr wa The Smiths anapiga gitaa na kutunga naye, David Gilmour wa Pink Floyd yumo. “Free World” ni ghadhabu dhidi ya Uingereza ya Waziri Mkuu Thatcher iliyofungwa kwenye dakika chache za gitaa la kasi. Lakini ninaourudia mimi ni “Days”, ambao Ray Davies aliuandika na kuuimba na kundi lake la The Kinks mwaka 1968. Ni wimbo wa kumshukuru mtu aliyekuacha. Davies anauimba kama bado anaumia. Kirsty anauimba kama amekwisha kulia jana, leo ameoga, amevaa, na amekuja kushukuru. Sauti zake za nyuma haziingii mara moja, zinasubiri. Zinapoingia zinaingia chini, si juu, kama ndugu wanaokaa mkekani bila kusalimia kwa sauti kubwa. Kwa bahati ya ajabu nakala zote mbili ziliishia namba 12.

Albamu iliyofuata, ya 1991, ina jina ambalo kila mpangaji wa Dar es Salaam anayegombania LUKU na mama mwenye nyumba atalifurahia: “Electric Landlady”. Ni utani juu ya albamu ya Jimi Hendrix. Si nyimbo zote zinazosimama, na ile ya 1993, “Titanic Days”, iliyotungwa ndoa yake ikivunjika, mimi huisikiliza kwa vipande. Lakini kwenye ile ya 1991 kuna mwanzo wa kitu. Alikuwa ameanza kupiga na Walatini wa New York, kisha akaenda Kuba, akajifunza Kihispania, akajifunza na Kireno, akatengeneza vipindi vya redio BBC kuhusu muziki wa Kuba. Sisi ambao muziki wetu wa dansi ulinyonyeshwa na santuri za Kuba hatuna haja ya kuelezwa alivutwa na nini. Ni muziki ambao waitikiaji si pambo. Kwenye son, mtindo mmoja wa Kuba, mwimbaji anatupa mstari na kundi linaurudisha, na wimbo unaishi kwenye kurudishiana huko. Alikuwa amefika nyumbani kwa mzunguko mrefu. “Tropical Brainstorm”, albamu ya 2000, inacheka na kucheza, na ndiyo niliyoanza nayo mimi, kinyumenyume, kabla sijajua kwamba huyu ndiye mwenye lile neno kwenye kanda ya shangazi.

Desemba mwaka huo huo alikwenda Cozumel, Mexico, na wanawe wawili. Tarehe 18 walikuwa wakiibuka kutoka kupiga mbizi, mahali ambapo boti haziruhusiwi, boti ya kasi ikaja. Alimsukuma mwanawe mkubwa pembeni. Alikuwa na miaka 41.

London, kwenye bustani ya Soho Square, lipo benchi lenye jina lake, kwa sababu alikuwa na wimbo kuhusu bustani hiyo. Wapenzi wake hukutana hapo kila Oktoba. Sijafika.

Ninachofanya ni kingine. Usiku nikiosha vyombo naiweka “They Don't Know” yake mwenyewe, ile ya 1979 ambayo haikufika madukani, na najaribu kuimba sauti ya chini kwenye kiitikio. Ya kwanza inanivuta kama mtoto anavyokuvuta gauni sokoni, na ya juu inaita kutoka upande wa pili. Nimeimba alto miaka sita, nasoma sol-fa, nimeusikia wimbo huu labda mara elfu. Hadi leo, mstari wa mwisho wa kiitikio, karibu na mahali pale anapovuta pumzi, ile sauti ya chini inanipotea na najikuta naimba ya kwanza kama watu wote.